“Siku ya mahari, upande wangu atakaa nani?”

Yaya washauri, wakubwa zangu,

Nina miaka 26, ni mshonaji, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Mama alikufa nikiwa na miaka 5, baba akaoa tena. Mwaka 2007 mtoto mchanga wa mama wa kambo alikufa kwa homa, na pasta wa kanisa lao akasema mlozi, yaani mchawi, yumo ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa nakojoa kitandani na kusema ovyo usingizini, basi vidole vikanielekea mimi. Nilikuwa na miaka 8. Walinifungia kanisani bila chakula, wakanitia pilipili machoni, hadi nikakubali kwamba ndiyo, nilimla mtoto. Baba alikuwepo na hakusema kitu. Baada ya hapo nililala soko la komini ya Kenya hapa mjini na mashege wengine, watoto wa mitaani, karibu mwaka mzima, mpaka masista wakanichukua. Kwao nimesoma, kwao nimejifunza kushona.

Sasa nina mchumba, tumwite D. Ni fundi wa magari, anakaa Kampemba, hapahapa mjini. Nilimwambia wazazi wangu wote wamekufa. Wazazi wake wanataka kuja kujitambulisha kabla mwaka haujaisha, na wanauliza waje kwa nani. Kila akigusa jambo hilo nageuza maneno.

Kuna lingine la aibu. Akichelewa kujibu ujumbe, tumbo linanipoa, nawaza ameshajua. Nazima simu siku mbili, au namwandikia tuachane. Akifika mbio mlangoni moyo unatulia, kisha baada ya wiki chache narudia. Safari hii amesema amechoka.

Juzi shangazi, dada yake baba, amepata namba yangu. Anasema baba ana kisukari na kidonda cha mguu, anataka kuniona, na mzazi ni mzazi. Ameshasikia pia kwamba naolewa. Anauliza mahari itapokelewa wapi.

Na swali ambalo sijamwuliza mtu yeyote: je, kama walisema kweli? Nikizaa, mtoto atakuwa salama mikononi mwangu?

Naomba mniambie la kufanya. Kusali nasali.

Mshonaji wa Katuba

*

Mdogo wetu,

Tunaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanatoka humo.

Mtoto wa miaka 8 mwenye njaa na pilipili machoni hukubali lolote analoulizwa, kwa sababu ameshaona kwamba “hapana” inaleta pilipili nyingine na “ndiyo” inaleta sahani ya bukari, yaani ugali. Ungamo lako halina uzito wowote. Kukojoa kitandani na kusema usingizini ni mambo ya kawaida kabisa kwa mtoto aliyefiwa na mama na kuletewa mwingine nyumbani. Na mtoto mchanga mwenye homa, katika nchi ambako malaria inaongoza kwa kuua watoto wadogo, anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili kama anapelekwa kwenye maombi badala ya sentre ya afya. Swali la kuuliza kuhusu kifo kile ni alipelekwa wapi na saa ngapi. Hilo ni la watu wazima wa nyumba ile, halikuwa la mtoto wa miaka 8.

Hukuchaguliwa kwa bahati mbaya pia. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 kuhusu watoto wanaosingiziwa uchawi Afrika inawataja wanaoangukiwa zaidi: yatima wanaolelewa na mzazi wa kambo au ndugu, watoto wenye ulemavu, walionyamaza sana, wakaidi, hata wenye akili nyingi kupita wenzao. Katika mji wetu mambo haya yalienea tangu miaka ya 1990, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliposhindwa kulipa mishahara iliyokuwa ikilisha kartye (mtaa) nzima. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini kwa mpigo. Nyumba ikikosa unga, mtoto asiye na mama wa kumtetea ndiye mdomo wa kwanza kuhesabiwa. Ujue na hili: Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 41, ilikuwa imeshakataza kumsingizia mtoto ulozi kabla hawajakugusa. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 ikaongeza adhabu, kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Waliokosa ni wao.

Kuhusu mtoto utakayemzaa: wengi walioteswa utotoni hawatesi watoto wao. Kinachowaangusha wachache ni uchovu bila msaidizi. Kwa hiyo, kabla hujapata mimba, tafuta majina mawili ya wanawake wanaoweza kuja kumshika mtoto saa mbili wewe ulale. Na akilia hadi mikono ikaanza kukutetemeka, mlaze chali mahali asipoweza kuanguka, toka nje ya mlango dakika tano, kisha rudi. Mtoto hafi kwa kulia dakika tano. Kumtikisa ndiko kunakoua.

Sasa D. Lazima ajue, na ajue kabla wazazi wake hawajapanga siku. Sababu si maadili tu. Shangazi ana simu, na habari ikifika Kampemba kwa mdomo wake itafika na neno “ulozi” mbele na jina lako nyuma. Umwambie wewe, kwa mpangilio wako.

Chagua mchana, mahali mnapoweza kukaa saa moja na nusu bila mtu kupita. Si kwa WhatsApp, kwa sababu ujumbe unaweza kuonyeshwa wengine. Si usiku kitandani, maana akinyamaza huna pa kwenda. Anza na kusahihisha uongo, usianze na machozi: “Nilikuambia wazazi wangu wote wamekufa. Mama ndiye amekufa. Baba yuko hai. Nilifukuzwa nyumbani nikiwa mtoto kwa kusingiziwa ulozi, nikalelewa na masista. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaondoka.” Hapo simama. Maneno hayo hayamalizi dakika moja, na kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu kuliko hayo yote. Usikijaze. Watu wengi huharibu hapa: wakiona mwenzao kanyamaza wanamwaga yote, pilipili, soko, usiku wa kule, hadi yule anayesikiliza anazidiwa na kukosa cha kusema. Mambo ya kanisani na ya sokoni yana siku zake, na mengine una haki ya kubaki nayo.

Akiuliza maswali, akikasirikia ule uongo, akiomba siku chache za kufikiri, hayo yote ni ya mtu mzima aliyepokea habari nzito. Mpe hizo siku. Dalili mbaya ni tatu: kukutupia jambo hilo kwenye ugomvi, kumwambia mama yake bila ruhusa yako, na kutaka kukupeleka kwa pasta “ukaombewe kwa usalama tu”. La tatu likitokea, mwambie mara moja kwamba huendi. Akisisitiza baada ya hapo, sisi tungesimamisha mipango ya ndoa.

Kuhusu wazazi wake, hatukudanganyi, kuna familia hapa Lubumbashi zitakazorudi nyuma. Kubalianeni maneno mafupi yaliyo kweli: alifiwa na mama, nyumba ya mama wa kambo ilimkataa, akalelewa na masista. Lakini tunaona mzee mmoja wa upande wake, baba yake au mkubwa mwingine asiyeropoka, aambiwe yote na D mwenyewe kabla ya siku ile. Ukoo ukipata mtu mmoja anayeweza kusema “hilo nalijua tangu zamani”, uvumi unakosa miguu.

Tuje kwenye simu unayoizima. Mtoto hujifunza mapema sana kama mlezi atarudi au hatarudi. Mtafiti Mary Ainsworth alianza kuliangalia hilo hapahapa Afrika, kwenye vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, katika familia 26: watoto wenye uhakika wa mama walimwacha wakaenda kucheza, wasio na uhakika walilia au walimng’ang’ania. Wewe ulijifunza kwamba anayenyamaza, kama baba alivyonyamaza, yuko upande wa wanaokupiga. Kimya cha D kinaamsha kimya kile. Ndiyo maana tumbo linapoa kabla hujafikiri lolote, na ndiyo maana kujiambia “acha ujinga” hakusaidii.

Anza na mwili. Keti, nyayo zote mbili chini, vuta pumzi ukihesabu hadi 3, itoe polepole ukihesabu hadi 6, dakika tano. Kutoa pumzi kwa kirefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Wengi hujaribu siku ya moto tu, wakashindwa, wakasema halifanyi kazi. Fanya asubuhi na jioni ukiwa mtulivu, wiki tatu hivi, ndipo mwili utalikumbuka siku ya shida.

Kisha chukua daftari lako la vipimo, ukurasa wa nyuma, andika mistari mitatu: kilichotokea (“hajajibu tangu saa nne”), nilichojiambia (“ameshajua, ameondoka”), na sababu nyingine inayowezekana. Huo wa tatu hautakupa taabu katika mji huu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika tangu alfajiri, simu ya fundi inakuwa imezima kabla ya saa sita, na mikono yake iko ndani ya mafuta ya injini.

Mwisho, badala ya kuzima simu, uwe na ujumbe ulioandikwa tayari: “Nimeguswa na jambo. Nanyamaza sasa, nitakupigia saa kumi na mbili jioni.” Na saa kumi na mbili piga kweli, hata kama huna la kusema. Mkubaliane na D mambo mawili: wewe huandiki “tuachane” kwa ujumbe kamwe, na yeye haji mbio mlangoni unapozima. Hilo la pili litakuuma. Lakini mbio zake ndizo zinazolisha mchezo huu. Unapata utulivu wa saa chache, yeye anapoteza siku ya kazi, na mwili wako unajifunza kwamba njia ya kupendwa ni kutoweka.

Hata hivyo D peke yake hatoshi. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia kwenye shida nyingi, karibu theluthi walisimama vizuri, na mara nyingi alikuwepo mtu mzima mmoja wa kudumu, hata asiye mzazi. Wengine waliotetereka ujanani waliinuka baadaye kupitia ndoa tulivu, masomo ya ukubwani au jumuiya ya dini. Kwako wewe mlango uko karibu: jiunge na kitu kimoja kinachokutana siku maalumu na kinachokupa kazi ndogo. Kwaya, shirika la kartye, au likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kwenye likelemba tafuta kikundi cha watu sita hadi nane, weka kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa, na uombe zamu ya katikati: nusu ya mzunguko wao wanakuamini, nusu nyingine unawaamini wewe. Mtego wa watu waliokataliwa utotoni ni kutoa kupita kiasi. Ifikapo Septemba wenzako wataleta vitambaa vya yunifomu za watoto, na mkono wako utataka kusema “acha tu, nitashona”. Taja bei. Mtu anayekupenda kwa sababu humtozi pesa atakupenda hadi utakapomtoza.

Haya, kikao chenyewe. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari iwe imelipwa walau sehemu kabla ofisa wa etasivili, anayeandika vizazi na ndoa, hajafungisha ndoa. Nani apokee, sheria inawataja wazazi, ndiyo maana unahitaji kwenda komini, ofisi ya serikali ya eneo lako, mapema, peke yako au na sista mmoja, ueleze ulivyolelewa na uulize watakubali sahihi ya nani. Usingoje wiki ya harusi. Ukiwa huko uliza na cheti cha kuzaliwa. Kama huna, utahitaji hukumu ya mahakama ya kujazia cheti hicho, na hiyo huchukua muda na gharama, basi iweke kwenye bajeti kabla ya keki.

Hukutuandikia hata neno moja kuhusu upande wa mama yako. Ulifukuzwa na ukoo mmoja tu, wa baba. Kwa Wabemba, Walamba na wengine wa Katanga wanaohesabu ukoo kwa mama, mjomba ana neno kubwa kwenye ndoa ya mpwa wake. Omba masista wakuonyeshe fishi yako, karatasi ya maelezo, ya siku ulipopokelewa. Vituo vya watoto hufanya anketi (uchunguzi) ya familia kabla ya kuamua kama mtoto anaweza kurudishwa, na mara nyingi kuna majina ya mama, kijiji, parokia, hata ndugu waliotafutwa wakakosekana wakati ule. Jina la parokia likipatikana, kitabu cha ubatizo cha mama yako kitakuwa na majina ya wazazi wake. Mjomba akipatikana, usimpeleke moja kwa moja kwenye kiti cha mahari. Mtembelee kwanza, zaidi ya mara moja, mkiwa na mtu mwingine, na umwangalie anavyomtaja mama yako.

Asipopatikana, unahitaji watu watatu wasiopungua. Sista aliyekulea, fundi aliyekufundisha cherehani, na mwanaume mmoja mzee wa kuwa msemaji wako, labda kiongozi wa shirika lenu. Waombe mwezi mmoja kabla, kila mmoja kwake nyumbani. Mweleze msemaji kwa urefu anachopaswa kukijua, kwa sababu wazee wa upande wa pili watauliza “baba yake yuko wapi?” mbele ya watu, na akigugumia kikao kimeharibika. Jibu lake liwe sentensi moja: “Sisi ndio tuliomlea, na sisi ndio tunaomtoa.” Faktira, orodha ya mahari, iwe fupi. Watu waliokulea bila kudai kitu wakianza kuandika mbuzi watano na suti tatu, wazee wa Kampemba wataona biashara. Zawadi ya heshima kwa waliokulea, bitenge kwa wanawake waliokaa kikao, na fedha ambayo D anaweza kuilipa bila kukopa. Mwisho karatasi yenye tarehe, kiasi kilichotolewa, kilichobaki, na sahihi za mashahidi wa pande zote mbili, kopi mbili.

Kuhusu usingizi hukusema. Kama hulali wiki mbili mfululizo, kama mambo ya kanisani yanakurudia macho wazi, au kama umewahi kuwaza kufa, usingoje ndoa. Nenda kituo cha afya ya akili cha Dr Joseph Guislain hapa mjini, au anzia sentre ya afya ya kartye wakutume. Kwenda huko si kuwa kichaa.

Amebaki shangazi. Hatujui kama baba ana majuto au ana njaa ya mahari, na wewe bado huwezi kujua. Kusamehe ni jambo lako na Mungu wako, halina tarehe. Kurudi kwenye ile nyumba ni jambo tofauti kabisa. Unaweza kufanya la kwanza usifanye la pili. Ukiamua kumwona baba, iwe hospitalini au mahali pa watu, mchana, mkiwa wawili, saa moja basi, na baada ya siku ya mahari. Ukitaka kusaidia kidonda chake, lipa kwenye kasha ya hospitali, dirisha la malipo, upewe risiti, usimpe mtu mkononi. Mtu akianza maombi ya “kufunguliwa” au akitaka ukiri la zamani, simama utoke, bila kubishana.

Kwa leo mwandikie hivi: “Shangazi, nimepata ujumbe. Pole kwa ugonjwa wa baba. Nitakutafuta mwenyewe nikiwa tayari. Habari za ndoa yangu zina msemaji, hazipiti kwangu.” Usimtajie kartye unakoshona wala jina la D. Akipiga tena kesho na keshokutwa, zima mlio wa namba yake peke yake, simu iliyobaki iache iwake.

Yaya washauri